Mwaka Aliokwenda Mama Pacha

Kwa miaka kumi na miwili Baba Pacha aliondoka nyumbani mvua zikikatika na kurudi mawingu yakianza kujikusanya tena. Miezi mitano alikata miwa kwenye shamba la kampuni, safari ya siku nzima kwa basi, na wiki mbili za kwanza baada ya kurudi alikuwa maarufu kuliko mwalimu mkuu. Alivaa viatu vyenye ncha. Aliwanunulia soda watu ambao, asipokuwa na kitu, hata salamu hawakumpa. Mwaka mmoja alirudi na redio yenye spika mbili kubwa kama masanduku ya nguo. Mwaka mwingine alileta saa ya ukutani iliyopiga kengele kila saa, mpaka mama yake akaomba itolewe betri watu wapate kulala. Wiki ya tatu ikifika, mkewe alikuwa anaomba chumvi kwa jirani.

Mama Pacha hakuwa mtu wa kelele. Alitaka kitu kimoja, na kila mwaka alikisema kwa maneno yaleyale: "Baba Pacha, mwaka huu tununue tangi la maji."

Paa lao lilikuwa la bati. Mvua ikinyesha, maji yalimwagika kutoka pande zote nne, yakachimba mitaro uani na kwenda zake. Halafu kiangazi kikaja, na Mama Pacha akawa anaamka kwenda kisimani, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, na foleni juu yake. Mabinti wake wawili, pacha wa miaka kumi, waliingia darasani wamechelewa, nguo zimelowa mabegani.

"Tutanunua," mumewe alijibu kila mwaka, tena kwa moyo safi. Lakini hela ilikuwa na watu wake wa kuilaki kabla tangi halijakumbukwa.

Wiki tatu kabla ya msimu kuanza, Baba Pacha alipanda juu ya paa la rafiki yake kumsaidia kupigilia bati. Aliteleza, akaanguka, akavunjika mkono wa kulia chini kidogo ya kiwiko. Mganga wa zahanati alimfunga plasta nyeupe, akamwambia bila kumzungusha, "Kushika panga usahau mwaka huu."

Jioni hiyo walikaa jikoni wote watano: mume, mke, pacha wawili na bibi yao, mama wa Baba Pacha, ambaye chumba chake kilikuwa mlango wa pili. Debe la unga lilikuwa nusu.

"Nitakwenda mimi," alisema Mama Pacha.

Bibi aliweka kikombe chini. "Wewe? Kukata miwa?"

"Wanawake wapo kule. Baba Pacha mwenyewe ametuambia."

"Wapo, ndiyo. Sasa mwanangu abaki hapa kama bibi harusi? Watu watasema ameolewa yeye!"

"Mama, na waseme. Maneno yao yakijaza debe la unga, nitaghairi safari."

Pacha mkubwa alicheka, akakanyagwa mguu na mwenzake. Baba Pacha alikuwa anautazama mkono wake uliofungwa. Kulipokucha alitoka uani akiwa na panga lake na tupa, akaketi kwenye kigogo, akamwita mkewe.

"Noa upande mmoja tu. Ukinoa pande zote linapoteza uzito. Na muwa ukate chini kabisa, usawa wa udongo. Ukiacha kisiki, nyapara atakukata wewe." Alimkabidhi tupa. "Na duka la kambini usiliingie ukiwa na njaa."

Ndivyo alivyotoa ruhusa yake.

*

Shambani miwa huchomwa moto kwanza, majani yateketee na nyoka wakimbie, ndipo wakataji waingie. Kwa hiyo mtu akishakata saa moja tu, huwezi kumtambua: masizi yamempaka kuanzia kwenye nywele mpaka kucha, na jasho limechora mistari katikati. Mama Pacha aliliona hilo siku ya kwanza akiwa kwenye foleni ya kuandikishwa. Nyapara, mtu mfupi mwenye kofia ya plastiki, alimtazama kwa namna ya kupima mzigo.

"Palizi," alimwambia karani. "Mwandike palizi."

"Nimekuja kukata," alisema Mama Pacha. Palizi ililipa nusu.

"Mama, huku hatuchambui mboga."

"Nipe mstari mmoja. Nisipoumaliza kabla ya saa sita, niandike palizi na leo usinilipe."

Watu kwenye foleni walipiga miluzi. Nyapara alicheka, akampa mstari ulio pembeni, ambako miwa ilikuwa imelala na kusukana kama nywele zisizochanwa. Saa sita ilipofika alikuwa bado na hatua thelathini. Malengelenge yalikuwa yamepasuka viganjani, mpini unateleza kwa maji yake. Hakuinua uso. Akasikia panga lingine linapiga kutoka upande wa pili wa mstari wake, likija kumlaki. Alikuwa mwanamke mkubwa kwake kwa miaka kama kumi, mjane ambaye shamba zima lilimwita Komandoo. Alikuwa amemaliza wake.

"Usisimame," alisema Komandoo. "Na mimi usiniambie asante, utapoteza pumzi."

Nyapara aliona yote. Alikuna kidevu chini ya mkanda wa kofia. "Haya. Mwandike kukata," alimwambia karani. "Lakini ana msimu mmoja tu wa kusaidiwa."

Wiki ya kwanza Mama Pacha alilala bila kuvua viatu, maana vidole havikuweza kufungua kamba. Wiki ya pili mgongo ulikataa kunyooka. Wiki ya tatu Komandoo alimfundisha kuinama kwa magoti na kuuacha uzito wa panga ufanye kazi. Wiki ya nne alimaliza mistari miwili kabla ya jua kukaa utosini, akakaa kivulini mwa trekta akila chakula chake taratibu.

Walikaa wanawake wanne chumba kimoja, vitanda vya mbao, dirisha moja lisilo na kioo. Komandoo ndiye aliyewaambia waache kukopa kwenye duka la kambi. Lile duka lilitoa kila kitu kwa mkopo, sabuni, sigara, mikate, muda wa simu, na karani akakata mwisho wa mwezi kwenye mshahara kabla mwenye nao hajauona. "Lina meno lakini halibweki," alisema. Wakachanga, wakanunua gunia la unga na debe la maharage kijiji cha pili, wakapika kwa zamu.

Kisha ikaja siku ya mshahara.

Mumewe alikuwa amemsimulia mengi, lakini hakumsimulia siku ya mshahara. Wachuuzi walikuwa wamefika tangu alfajiri, wametandaza turubai kuanzia getini mpaka barabara kuu. Sufuria zilizometa. Mashuka yenye maua. Miwani, manukato, simu, redio kumi zikiimba nyimbo kumi tofauti. Mama Pacha alikuwa ameoga. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nne alikuwa na rangi yake mwenyewe. Na kila alipopita aliitwa: "Mama mzuri, karibu!" "Bosi, njoo utie baraka!" Kwa mwezi mzima jina lake lilikuwa namba kwenye daftari la karani. Sasa watu walikuwa wanamfutia vumbi kigoda akae.

Aliketi. Akajaribu viatu vyekundu vyenye kisigino. Kioo kilishikwa na mchuuzi mbele ya miguu yake, na ile miguu, iliyokuwa inatoka masizi hata baada ya kusuguliwa kwa jiwe, ilionekana ya mtu mwingine, mtu asiye na shida.

Alivinunua. Vilimgharimu siku tano za kukata.

Nusu ya hela iliyobaki aliituma nyumbani kwa simu. Viatu alivifunga kwenye gazeti na kuvisukuma chini ya begi, na usiku ule hakumwambia mtu, hata Komandoo.

*

Siku ya nne baada ya kutuma hela, alipigiwa simu na pacha mdogo, aliyekuwa akinong'ona.

"Mama, baba amenunua makochi."

"Amenunua nini?"

"Makochi. Matatu. Ya bluu. Hayaingii mlangoni, yako barazani. Bibi amekalia moja tangu asubuhi, anasalimia wapita njia."

Mama Pacha alisimama katikati ya kambi. Hasira ilimpanda kuanzia nyayoni. Alitunga maneno yote, moja baada ya jingine, tangu ile redio mpaka saa ya ukutani, akayapanga kama miwa kwenye lundo. Akampigia mumewe.

"Baba Pacha."

"Nimeshajua umeambiwa," alisema mumewe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nisikilize, halafu unitukane. Hapa kila nikipita wananiuliza, mama wa nyumbani hujambo? Umepika nini leo? Hata fundi cherehani, mtu niliyemlisha! Nikaenda sokoni, nikaona yale makochi, nikasema angalau waone kwamba nyumba hii bado ina mwanamume. Sikupima mlango."

Alisubiri kutukanwa. Mama Pacha alifungua mdomo, na maneno yote aliyoyapanga yakakwama kwenye vile viatu.

"Mimi nimenunua viatu," alisema.

"Viatu vya kazi?"

"Vyekundu. Vya kisigino."

Halafu akasikia mlio ambao alikuwa hajausikia kwa muda mrefu: mumewe anacheka, kicheko cha kukosa pumzi, na yeye mwenyewe akaanza, mpaka waliokuwa wakiosha vyombo wakageuka kumtazama.

"Walikuita bosi?" aliuliza mumewe.

"Waliniita bosi. Wakanifutia kigoda."

"Sasa umejua."

"Nimejua. Miaka yote nilidhani ni uzembe." Alifuta macho kwa mkono. "Lakini Baba Pacha, kujua hakujazi ndoo. Nani anachota maji sasa?"

Mumewe alikohoa. "Watoto walikuwa wanachota. Mwalimu ameniita, anasema wanasinzia darasani. Tangu juzi nakwenda mimi. Kwa mkono mmoja, safari tatu kwa siku." Kisha akasema polepole, kama mtu anayetoa mwiba, "Sikujua kama ni mbali vile. Naapa sikujua. Miaka kumi na miwili nakunywa maji humu ndani na sikujua."

Ndipo walipopatana, hapohapo kwenye simu, muda wa maongezi ukiyoyoma. Mke atauza viatu. Mume atauza makochi. Hela ya chakula na ya shule itatumwa kila mwezi, na mume kabla ya kununua chochote kinachozidi kilo moja atampigia mkewe. Na yeye pia, kabla hajakanyaga turubai la mchuuzi, atampigia mume. Zinazobaki zitakaa kwa karani wa malipo, zisitolewe mpaka siku ya mwisho.

"Na tutanunua tangi," alisema mume.

"Hilo neno nimelisikia."

"Safari hii nalisema nikiwa nimebeba ndoo."

Viatu vilinunuliwa na mpishi wa ofisini kwa bei pungufu kidogo. Makochi yalichukua mwezi mzima, na Baba Pacha alivumilia mengi. Kuku alitaga kwenye moja. Bibi alikataa kuinuka kwenye jingine, ikabidi mnunuzi, mwenye nyumba ya wageni, amsubiri amalize chai. Hasara ilikuwa robo ya bei. Baba Pacha aliimeza, na waliomwuliza makochi yamekwenda wapi aliwajibu, "Yameingia ndani ya tangi." Hawakumwelewa.

Plasta ilipotolewa, alianza kubeba mawe. Mkono ulikuwa umekonda na haukunyooka sawasawa, lakini toroli uliliweza. Alikusanya mawe kutoka kwenye mto mkavu, toroli baada ya toroli, akajenga jukwaa la duara la kukalishia tangi kwenye kona ya nyumba, usawa wa goti. Alilijenga, akaliona limepinda, akalibomoa. La pili alilipima kwa chupa ya maji iliyolazwa juu ya ubao. Yule fundi cherehani alipita, akasimama kutania, akaona jasho la mtu, mwishowe akamshikia ubao.

*

Mwisho wa msimu, basi lilipowashusha wakataji kwenye mji wa soko, wengi waliingia madukani. Mama Pacha alivuka barabara moja kwa moja mpaka duka la vifaa vya ujenzi. Mumewe alikuwa amekaa kwenye ngazi, shati limepigwa pasi, hela ya makochi imefungwa kwenye leso.

Walitazamana. Mke alikuwa amekonda na kuwa mweusi, mikono migumu kama gome. Mume alikuwa na sugu za ndoo kwenye kiganja cha kushoto. Alimpokea begi.

"Pole na kazi, Mama Pacha."

"Pole na wewe. Mkono?"

"Umepinda, lakini unashika."

Walinunua tangi jeusi, refu kuwazidi, na mifereji ya paa, na koki. Baada ya kulipia gari la kubeba, zilibaki za unga wa mwezi mmoja, madaftari ya watoto, sukari kilo mbili na kipande cha sabuni.

Nyumbani walikuwa wanasubiriwa. Habari kwamba Mama Pacha anarudi ilikuwa imezunguka, na watu kama ishirini walikuwa uani, wengine hawajaonekana pale tangu msimu uliopita. Mbele yao alikuwa shemeji yake, mdogo wa Baba Pacha, amevaa miwani ya jua. Kila mwaka alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

"Shemeji! Karibu nyumbani! Umenenepa!" alisema, jambo ambalo halikuwa kweli. Alimvuta kando, hatua mbili tu, wote wakasikia. "Shemeji, kuna pikipiki nimeipata, nzuri, ya mtu mmoja mwaminifu. Nimekosa hela ya kuanzia tu. Nimekusubiri wewe."

Mama Pacha aliona macho yote yametua kwenye begi lake. Alijisikia aibu, aibu ya kweli, na hapo akaelewa uzito mwingine ambao mumewe aliubeba kila mwaka kutoka kituoni hadi mlangoni. Bibi alikuwa amekaa barazani, akingoja kitenge chake cha kila mwaka. Mkono mtupu haulambwi, na wake ulikuwa mtupu.

"Shemeji," alisema, "sina."

"Huna? Miezi mitano?"

"Sina hata ya nauli."

Shemeji aligeuka kwa kaka yake na kicheko cha kuomba msaada. Kwa maisha yake yote Baba Pacha hakuwahi kumnyima mdogo wake. Alikuwa juu ya gari, anafungua kamba. Alipiga ubavu wa tangi kwa kiganja, likavuma kama ngoma.

"Hela iko humu, mdogo wangu. Ukiweza kuitoa, chukua yote."

Watu walicheka. Shemeji hakucheka. Alivua miwani, akaivaa tena, akasema kwamba damu imeshindwa na plastiki, akaondoka. Alikaa karibu mwaka mzima bila kukanyaga pale, na jambo hilo lilimuuma Baba Pacha kuliko alivyoonyesha. Waliobaki walisaidia kushusha tangi, kisha wakatawanyika mmoja mmoja, maana soda haikuonekana.

Bibi alinuna siku tisa. "Mkwe wangu ameniletea ndoo," aliwaambia wageni. "Ndoo kubwa. Nitaivaa."

Siku ya kumi mvua ilinyesha mchana. Mfereji mmoja uling'oka kwenye ndoano, maji yakaanza kumwagika pembeni ya tangi, na wote wakatoka mbio: Baba Pacha juu ya kigoda, Mama Pacha ameushika mfereji kwa mabega, pacha wanapokezana misumari, na Bibi, gauni limemganda mwilini, akielekeza kwa sauti kubwa, "Kushoto! Kushoto, nyie! Yanapotea hayo!" Ilipokatika, walibandika masikio kwenye tangi na kubishana limefika wapi. Lilikuwa halijafika hata nusu. Mvua saba baadaye lilijaa.

Kiangazi kifupi kilichofuata, kabla ya masika, pacha walifika shule kabla ya kengele. Baba Pacha alilima matuta manane nyuma ya nyumba na kumwagilia kwa kopo, si kwa ndoo, maji yahesabike. Mboga zilipokuwa zimekauka kijiji kizima, zake zilikuwa kijani, na aligundua kwamba ana mkono wa miche kuliko alivyowahi kuwa nao wa panga. Waliomwita mama wa nyumbani walikuja na vikapu.

Mawingu ya masika yalipopungua na msimu wa miwa ukakaribia, walikaa tena jikoni. Pacha wangeingia sekondari baada ya miaka michache, wote wawili kwa mpigo, sare mbili, ada mbili. Tangi lisingeilipa ada hiyo peke yake. Mkono wa Baba Pacha usingekata mistari miwili kwa siku, na wote walilijua hilo.

"Misimu mitatu," alisema Mama Pacha. "Mitatu, ya ada tu. Wa nne sitoki hapa."

"Mitatu," alisema mumewe. "Bustani italisha nyumba. Ukituma ya ada, ninaiweka na kuiandika daftarini. Ukitaka kujua, piga simu, mtoto akusomee."

Komandoo alikuwa amepiga simu tangu asubuhi kumwambia amemwekea kitanda cha karibu na dirisha. Siku ya safari Mama Pacha alibeba begi lake mwenyewe mpaka kituoni. Mumewe alimsindikiza nusu ya njia tu, wakaagana kwa kushikana mikono yote miwili. Watu wanne walikuwa wameshafika nyumbani wakitaka mboga, na jua lilikuwa linapanda.